Macho ya Ngeleja

Nkololo, Bariadi
9 Julai 2024

Mpendwa mdogo wangu Fredrick,

Mwangaluka, bhabha. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji yangu Jenifer na watoto wote hapo Nyashimo. Hapa kwetu tuko salama. Pamba imeshatoka shambani, si nyingi, mvua ilituacha mwezi wa tatu, lakini njaa hakuna. Michembe ya viazi ipo ya kutosha. Mimi mwenyewe sijambo, ingawa habari yangu ni ndefu, ndiyo maana nimekaa chini na kalamu. Simu ninayo, lakini haya hayasemeki kwenye simu. Kila nikiipokea, Ngeleja anakuwa amekaa hapo pembeni, anajibu maswali ambayo hakuulizwa yeye.

Barua yako niliipata. Umeniuliza, kwa maneno makali kidogo, ninapata nini kwa yule mzee, na umesema nichague: nihamie kwako Nyashimo kwenye chumba ulichonijengea, au niendelee kukaa hapa nikitukaniwa ndugu zangu na jirani. Najua bado una uchungu wa Pasaka. Kukwambia mbele ya wakwe zako kwamba unakuja kwa kaka yako kama mkaguzi, unaangalia nyumba, unaangalia ng'ombe, unaangalia pamba, halafu unaondoka, halikuwa jambo la kusemwa na mgeni mwenye adabu. Lakini Ngeleja si mgeni, na adabu sijui kama aliwahi kuwa nayo.

Usidhani mimi sichoki naye. Ni miaka thelathini na moja tangu mimi na marehemu mke wangu Justina tulipohamia jirani yake, nilipoletwa kufundisha shule ya hapa. Tangu siku ile mtu huyu hajawahi kupiga hodi. Anaingia, anaweka fimbo yake juu ya meza ya chakula, fimbo iliyotoka kuchapa ng'ombe, anauliza chai iko wapi. Ikikosa sukari anasema. Ikizidi sukari anasema. Mimi nasali rozari, yeye anamwaga pombe chini kwa ajili ya babu zake kisha ananiuliza nani kati yetu amejibiwa haraka. Justina alipofariki, alikuja kukaa na mimi kila siku kwa mwaka mzima, na mwaka mzima hakunipa pole hata moja. Alikuwa analalamika tu kwamba ugali wangu ni mbichi.

Sasa sikiliza ya mwaka huu. Mwezi wa kwanza, Ngeleja alianza kusema macho yake yanakufa. Alisema anaona ukungu, njia haioni, uso wa mtu hautambui mpaka aongee. Nilimhurumia, Fredrick. Nilijilaumu hata kwa kumchukia wakati mwingine. Nikamwambia nitakuwa ninamwongoza. Laiti ningenyamaza.

Alining'ang'ania kama kupe. Akitaka kwenda joshoni, lazima twende wote. Akitaka kwenda mnadani, lazima twende wote, amenishika kiwiko, watu wanatucheka kwamba wazee wa Nkololo wamefunga ndoa. Na kumwongoza kwenyewe hakuongozeki. Nikisema tupite kulia, anavuta kushoto. Nikimwambia njia ni nyeupe, anasimama ghafla na kusema mguu wake umehisi shimo. Mwishowe akatangaza kwamba yeye ndiye atakayetangulia, kwa sababu kipofu huijua njia kwa nyayo, na mimi nimfuate nyuma nimeshika ncha ya fimbo yake nimwelekeze. Nikawa ninatembea hivyo, mwalimu mkuu mstaafu, ninaburutwa kwa fimbo na mtu asiyeona.

Halafu akahamishia vituko vyake nyumbani kwangu. Aliokota mawe yote kwenye njia inayounganisha miji yetu, eti atajikwaa. Alipaka chokaa ukingo wa kisima changu bila kuniomba. Siku moja nilirudi kutoka kanisani nikakuta amefunga kamba ya katani kutoka mlango wangu wa nyuma mpaka mlango wa choo, imekazwa kwenye vigingi, usawa wa kiuno. Nilimuuliza ni ya nini. Akasema akija kwangu na tumbo likimsumbua, hataki kupapasa kama kuku. Choo changu, kamba yake! Nilimwambia aitoe. Akasema aitoe mwenye macho. Sikuitoa.

Mwezi uliopita padre alitangaza kwamba madaktari wa macho wanakuja Bariadi mjini kwa wiki moja, kupima na kufanya upasuaji. Nilitoka kanisani moja kwa moja hadi kwa Ngeleja kumpa habari. Alikataa. Alisema hakuna kisu kitakachoingia jichoni mwake. Nilimbembeleza, nikamfokea, nikamwita mwoga mbele ya mwanawe Danford na mkwewe Kwandu. Tulishindana siku nane. Siku ya tisa alikuja asubuhi, akanywa chai mpaka ikaisha, halafu akasema atakwenda kwa sharti moja: mimi nipimwe kwanza, yeye asimame pale pale aangalie kama naumia. Nilimwambia mimi sina shida. Akasema kama sina shida, naogopa nini?

Basi tulikwenda. Danford aliazima gari la rafiki yake akatupeleka. Pale palikuwa na watu wengi, wamekaa kwenye mabenchi chini ya turubai. Alikuwapo muuguzi mmoja mpole, jina lake Nyanjige, ndiye aliyetuita. Nikaingia, Ngeleja nyuma yangu. Daktari akanimulika jicho hili, akanimulika na lile, akaandika kwa muda mrefu. Kisha akamwita Ngeleja asimame kwenye mstari asome ubao ule wenye alama za kuonyesha upande. Ngeleja hakusoma sana shule, lakini alama zile hazihitaji shule. Alionyesha ya juu, ya pili, ya tatu, akashuka mpaka mstari wa mwisho kabisa, vile vidudu ambavyo hata wenye macho huvikisia, na hakukosea hata kimoja. Daktari akacheka, akasema mzee huyu anaona kuliko yeye daktari.

Fredrick, nilipandwa na hasira ambayo sijaipata tangu nilipoacha kufundisha. Nilipiga kelele mle ndani mpaka watu wa nje wakasimama. Nilimuuliza ni mchezo gani huu. Miezi mitano! Nimeacha palizi yangu kumpeleka mnadani, nimechekwa na watoto niliowafundisha, kumbe mtu anaona mpaka mwisho wa ubao! Ngeleja aliniacha nimalize. Halafu akasema taratibu, kwa Kisukuma, ili daktari asielewe:

“Wewe ndiye huoni, Mwalimu. Mimi nilikuwa nimekushika tu.”

Sasa hapa ndipo barua hii inapokuwa ngumu, mdogo wangu, na nakuomba usiisome kwa sauti mbele ya watoto. Nilikuwa najua. Ni miaka miwili sasa. Lilianza jicho la kulia, likafuata la kushoto. Masomo ya Jumapili nilikuwa nayasema kwa kichwa, kwa kuwa nimeyasoma miaka mingi, na katikati ya Kwaresima nilisoma la Majilio, watu wakadhani nimekosea ukurasa. Barua zako nilikuwa nampa Kwandu anisomee, eti miwani imevunjika. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nani kama si mtu wa kusoma? Hapa kijijini kila mwenye karatasi alikuja kwangu.

Na hilo ndilo lililoleta lile kubwa. Mwezi wa kwanza, mjukuu wa Ngeleja, Milembe, mtoto wa miaka mitatu, alishikwa na homa. Kwandu akamleta kwangu nimpimie dawa ya maji, kama siku zote, maana mimi ndiye niliyekuwa nasoma vipimo. Chupa ilikuwa kabatini. Nilifungua kabati, nikachukua chupa, nikamimina kwenye kijiko. Kwandu alikuwa amegeuka anamfunga mtoto kanga. Ngeleja, aliyekuwa amekaa mezani, akaninyang'anya kijiko na chupa kwa mkono mmoja, akatoka navyo nje. Aliporudi alisema dawa ile imepitwa na muda, Kwandu ampeleke mtoto zahanati. Halafu akaniomba chai.

Ilikuwa dawa ya kupulizia pamba. Niliijua kwa harufu iliyobaki vidoleni, Kwandu alipokwisha kuondoka. Nilinawa mikono. Yeye akanywa chai yake. Nilijiambia labda hakujua, labda kweli alidhani dawa imezeeka, na nikakaa na hilo kama mtu aliyemeza mfupa, nikiomba asije akauliza. Hakuuliza. Wiki ileile ndipo macho yake yalipoanza kufa.

Hiyo ndiyo nimekuficha. Nilikaribia kumuua mjukuu wa jirani yangu kwa kiburi, na nikamwacha yeye abebe upofu wangu mbele ya kijiji kizima ili mimi nisiaibike. Na Pasaka, ulipokaa nami siku tatu, alikuwa akisubiri uone. Hukuona. Sikulaumu, nilijificha vizuri. Lakini sasa umejua hasira yake ilikuwa ya nini.

Nilimuuliza, pale pale kwenye benchi, kwa nini hakuniambia tu. Alisema angeniambia ningekana, halafu ningemfungia mlango, na kwa vile yeye hajui kupiga hodi angebaki nje. Ndivyo alivyosema. Hata siku ile hakuweza kusema jambo moja jema bila kuliharibu.

Nilifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia kesho yake. Ni mtoto wa jicho, si ugonjwa wa ajabu. La kushoto litafanywa mwezi wa tisa. Barua hii naiandika kwa mkono wangu, utaona mistari imepinda kidogo, uvumilie. Niliporudi nilimwita Kwandu nikamwambia yote kuhusu chupa, kwa mdomo wangu. Aliondoka, na kwa siku nne hakukanyaga kwangu. Siku ya tano alikuja, akafungua kabati, akatoa kila chupa iliyokuwamo, akaenda nazo kwake. Kisha akasema Milembe anauliza babu mwalimu yuko wapi, na kwamba nikitaka kumwona nitakwenda huko. Nimekwenda. Amenikaribisha kiti. Sidai zaidi.

Lakini sijamaliza kuchoka, Fredrick. Kitu cha kwanza nilichokiona bandeji ilipotolewa ni uso wa Ngeleja, maana alikuwa ameuinamisha karibu kabisa na wangu akiuliza kama naona au nadanganya. Nilishtuka. Amezeeka. Nywele zote nyeupe, shingo imebaki mishipa, mashavu yamezama. Amekonda vibaya, na kile kikohozi nilichokuwa nakisikia mbele ya fimbo miezi yote ile, nikidhani ni vumbi la joshoni, sasa nakiona kinavyomkunja mtu mzima. Hakuna aliyeniambia. Waliokuwa wanamwona kila siku walizoea, na mimi niliyekuwa naye kila siku sikuwa namwona.

Mimi sina akili zake za kuzunguka. Nilimwambia waziwazi: twende hospitali wakupime kifua. Alikasirika, akachukua fimbo yake mezani, akasema nimepewa jicho moja tu na tayari nataka kutawala kijiji. Akaondoka bila kumaliza chai. Leo ni siku ya pili hajaja. Nimekaa na hiki kimya chake na ninakuapia kinanichosha kuliko maneno yake yote ya miaka thelathini na moja.

Umeniuliza ninapata nini kwake. Sijui nikujibu nini. Si ndugu, si mkwe, hatusali mahali pamoja, na nikikaa naye saa moja natamani aende zake. Ninachojua ni kwamba siwezi kuja Nyashimo. Nashukuru kwa chumba, na ninajua kilijengwa kwa moyo. Mpe mmoja wa watoto alalie. Kesho asubuhi nitakwenda kwake, nitaingia bila hodi, nitakaa juu ya kile kigoda chake kibovu na sitatoka mpaka apande gari la Danford. Akinitukana, nitakuwa nimetukanwa.

Nisalimie Jenifer, mwambie asante kwa dagaa, walifika wakavu na wazuri. Wasalimie watoto mmoja mmoja, na wakwe zako, uwaombe radhi kwa niaba yetu. Justina angekuwapo angewaombea radhi vizuri zaidi. Ngeleja hajui kama ninakuandikia, kwa hiyo hakusalimii, na hata angejua nadhani asingekusalimia. Wewe msalimie hivyo hivyo, nitamfikishia.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Januarius Mabula