Diski ya Nyimbo za Mama

Kolwezi, 14 Machi 2024. Asubuhi mvua nyembamba.

Yaya Stany,

Batoto ni wazima. Diski yenye nyimbo za marehemu Mama imepona. Fundi Mpoyi alitoa ndani yake kipande kidogo kilichoungua, akasema: «Mama Blandine, hii si radi. Mutu aliichomekea chaja ya kompyuta, yenye nguvu kupita kiasi.»

Kompyuta ilikuwa yako peke yako! Na ulimwambia Papa kwamba yeye ndiye aliyesahau diski kwenye umeme wakati wa radi. Wiki tatu mzee hafungui hata redio. Anasema amemuua Mama mara ya pili.

Nimeweka nakala ya barua hii. Jumapili usipofika kutoka Tenke kumwambia ukweli, nitamsomea.

Mudogo wako,
Blandine