Kwa Mama, Aliyekandika Tembe

Mama yangu mpendwa,

Ungekuwa hapa ungeniuliza kwanza kama nimekula. Nimekula. Bugali na ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwa mdogo wako Feza, na amenilazimisha kuongeza sahani. Sasa nimekaa mlangoni mwa tembe, daftari magotini, na wewe una mwaka wa tatu kaburini. Leo asubuhi nimefanya kitu ambacho nataka ukisikie kwangu mimi, si kwa mdogo wako. Ila siwezi kukisema moja kwa moja, nitaanzia mbali. Na kwa kuwa barua hii wataisoma na watu wengine, utanivumilia nikieleza mambo unayoyajua kunizidi.

Wao hawajui tembe. Waelewe basi kwamba nyuma ya mtaa wa Kimanga, hapa Uvira, kwenye kilima kinachotazama ziwa, kuna nyumba ya udongo ya kale, kuta zake nene kiasi kwamba mtoto anaweza kulala dirishani asianguke. Waliijenga watu wa misafara, zamani za biashara ya pembe na watumwa, kabla Mbelgiji hajafika Uvira. Wenyewe wakaondoka, nyumba ikabaki, na watu wa mtaa wakaifanya nyumba ya sala. Kila kiangazi, kabla ya siku kuu ya Bikira Maria ya mwezi wa nane, wamama waliikandika upya kwa mikono mitupu, ndani na nje. Kiongozi wao ulikuwa wewe.

Nakumbuka safari za Luberizi. Tulikuwa tunaenda kuomba mavi ya ng'ombe kwa wafugaji wa bondeni, tunarudi juu ya lori la mpunga, magunia yetu yakinuka mpaka abiria wengine wanahama upande. Mimi nilikuwa nafunika uso kwa kitenge, nisionwe na wanafunzi wenzangu. Wewe ulikuwa unacheka tu. Uliniambia, "Riziki, haya mavi iko na heshima kuliko weye. Yenyewe inaingia kanisani kila mwaka, weye mpaka nikupige."

Halafu udongo wa kichuguu. Tuliuponda, tukaumwagia maji, tukauacha shimoni siku saba uoze, na siku ya nane sisi wasichana tuliingia kuukanyaga. Ulikuwa unachukua donge, unalibana, unaliangusha chini. Likipasuka unasema, "Bado." Likitulia unasema, "Twende." Hakuna siku uliyonieleza ulikuwa unaangalia nini pale chini, na mimi sikuuliza. Nilikuwa nangoja kuoga.

Ulinisindikiza mpaka Kamanyola nilipoondoka kwenda kusoma, na hapo ndipo nilipoanza kuwa mtu wa maana, kama watu wanavyosema. Nikapata diplome. Nikajifunza kuchimba kwa mwiko mdogo na kusafisha kwa burashi, kusoma tabaka za udongo, kuziba ufa wa jiwe bila kuacha alama. Nimefanya kazi kwenye makaburi ya wafalme, kwenye ngome, kwenye makanisa ambayo mapaa yake yamebebwa na nguzo za mawe matupu. Nilikuwa nakupigia simu nikiwa juu ya kiunzi cha mafundi, nakuelezea kwa majivuno, na wewe unasikiliza mpaka mwisho, kisha unauliza swali lilelile: "Na wenyewe wako wapi?" Nakujibu walishakufa, Mama, ni nyumba za kale. Unasema, "Aah, pole yao." Nilikuwa nacheka na wenzangu kuhusu swali hilo. Kumbe mjinga nilikuwa mimi.

Siku wakubwa wangu wa kazi waliponipa tembe letu liwe shantie yangu, yaani eneo langu la kazi, nililia kwa furaha. Nilitaka kulirudishia sura yake ya kwanza. Kwenye biro, ofisini kule mbali, niliandika rapora, ripoti ndefu, nikasema kwamba hatari kubwa ya jengo hili ni wakazi, ambao kila mwaka wanalifunika kwa udongo mpya na kuficha kazi ya wajenzi wa asili. Niliandika "wakazi". Sikuandika "mama yangu".

Nilifika na wageni wakubwa kutoka Kinshasa mwezi wa nane, na nyinyi mlikuwa kazini. Udongo ulikuwa umeshaoza siku zake saba. Ulikuwa umesimama kwenye ukuta wa upande wa ziwa, mikono yako myeusi mpaka kwenye viwiko, na uliponiona ulianza kuja ukitabasamu. Nikainua kiganja usimame. Nikasema kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili, kwamba kuanzia leo hakuna mkono wa mtu utakaogusa ukuta huu. Mmoja wa wageni akauliza wewe ni nani. Mama, nilikuwa na viatu vipya, nilikuwa na mafaili kwapani, na nilikuona kwa macho yao. Nikasema, "Ni mama mmoja wa hapa. Huyu mama atusaidie kuondoa ndoo."

Uliinama ukachukua ndoo. Ukajibu, "Ndiyo, shefu." Sikusikia kejeli hata kidogo. Ulijibu kama muntu anavyomjibu mkubwa wake wa kazi, na ukashuka kilima ukiwa umeinamisha kichwa, wamama wengine nyuma yako.

Jioni ile ulinipikia mukeke, samaki ninayempenda kuliko wote, ukanitolea miiba kama mtoto. Nilikaa nangoja ugombe. Ungenigombeza ningepata pa kuanzia. Ukauliza tu, "Sasa ukuta utapitisha majira ya mvua bila nguo?" Nikaanza hotuba yangu, habari za uasili, habari za sheria za kazi, na wewe ukatikisa kichwa polepole. "Minye sikusoma, mama. Weye ndiye unajua." Ukaenda kuosha sahani. Nilishukuru moyoni kwamba jambo limekwisha kirahisi.

Tulikwangua sehemu kubwa ya udongo wenu wa nje mpaka tukafika kwenye ukuta wa wajenzi. Ulikuwa mzuri sana, siwezi kusema uongo. Tulipiga picha, tukaweka kibao cha kukataza watu kugusa, nikaondoka kwenda shantie nyingine.

Mvua ikaja. Ulinipigia simu. "Riziki, ukuta iko inakunywa maji." Nikakuambia ninaandika rapora. Ukapiga tena, mwezi mwingine: "Pale chini iko inavimba. Tupake kidogo tu, pale chini tu?" Nikasema hapana Mama, msiguse, tungoje wataalamu. Na hukugusa. Ndicho kinachonimaliza mpaka leo. Ulikuwa na udongo, ulikuwa na mikono, ulikuwa na wamama ishirini ambao wangekuja ukiita mara moja, na ukakaa kwa sababu mtoto wako alisema. Feza aliniambia baadaye kwamba ulikuwa unapanda kilima na shiti kuukuu ya kitanda chetu, unaitundika ukutani mvua ikianza, unaizuia kwa mawe. Ulikuwa unahakikisha kidole chako hakigusi.

Ukuta wa upande wa ziwa ulianguka mchana mmoja, watu wakiwa sokoni. Wewe ulikuwa umeshalazwa hospitali. Walikuja kukuambia, na ukawakataza kunipigia simu. Ulisema, "Musimwambie. Atajisikia vibaya, na kazi yake iko ya watu wakubwa." Nilikuja kujua siku ya mazishi, nilipoinua macho kutoka kaburini nikaona kilimani pamebaki kuta tatu.

Nimerudi kulijenga upya, Mama. Safari hii niliomba mwenyewe. Nilichukua vipande vya udongo wenu wa zamani vikapimwa, nikajua ndani kuna nini, nikachanganya kama karatasi ilivyosema. Ukapasuka. Nikaongeza mchanga, ukamomonyoka. Nikaongeza mavi, ukapasuka upande mwingine. Mafundi wangu walikuwa wananiangalia kwa huruma, na hakuna kitu ninachokichukia kama kuhurumiwa kazini. Mwisho nikavua kiburi nikaenda kwa Feza.

Hakunikaribisha kwenye kiti. Alisema, "Ile siku ya ndoo nilikuwa nyuma ya dada yangu. Ukitaka udongo wetu, kwanza uite wamama wote, useme mbele yao yule alikuwa nani kwako."

Niliwaita. Nilisimama palepale uliposimama wewe, nikasema Mama Riziki alinizaa, na mimi nilimkana mbele ya wageni kwa sababu mikono yake ilikuwa na matope. Kisha mmoja, mama mzee kuliko wote, akasema, "Shiye tulijua zamani. Tulikuwa tunangoja weye ujue." Na wakainuka kwenda kuchimba kichuguu.

Kosa langu lilikuwa nini, unataka kujua? Nilikuwa napima udongo ambao haujaoza. Siku saba. Nimeukanyaga tangu utoto, na nikasahau siku saba, kwa sababu nilidhani zile zilikuwa siku za kupumzika. Na kosa kubwa zaidi ni lile la rapora: nilidhani udongo wenu unaficha jengo, wakati ndio uliokuwa unaliweka hai. Jengo lile lisingenifikia mimi na burashi yangu kama wamama wasingelivalisha kila mwaka.

Sasa nifike kwenye jambo la leo.

Wiki iliyopita, ndani, kwenye ukuta wa nyuma, tuliondoa kabati la sakristia ambalo halijasogezwa tangu kiangazi chenu cha mwisho. Nyuma yake udongo ulikuwa mzima, haujaguswa na mvua wala moshi. Na kwenye udongo kulikuwa na viganja. Ulikuwa umepaka kwa kunyoosha mkono kutoka juu kwenda chini, kama kawaida, ila pale penye kona uliukandamiza mkono ili udongo ushike, na mkono wote umebaki. Mstari wa kiganja unaonekana. Kidole kidogo kimepinda kwenda nje, kile kilichovunjika uliposhuka vibaya kwenye gari, mwaka niliozaliwa Espoir, mdogo wangu... ona, nimekosea, Espoir ndiye aliyezaliwa, hata kuandika siwezi vizuri leo. Nilikaa chini mbele ya ukuta mpaka mafundi wakaenda kula na kurudi.

Nilifanya kama nilivyosomea. Nilichora dirisha la kioo, na kijibao kidogo chenye jina lako kamili, ili kila anayeingia akuone. Nilijisemea kwamba hiyo ndiyo itakuwa toba yangu. Wakubwa wa kazi walikubali siku hiyohiyo. Tatizo ni kwamba pale chini ya kona ukuta ulikuwa umeanza kuvimba, na udongo mpya ulitakiwa upite juu ya sehemu yote bila kuruka hata kipande. Niliwaambia mafundi tutatafuta namna. Nilijua namna haipo.

Leo asubuhi wamama walifika na ndoo zao, na Feza akaja mpaka kwenye kona. Aliangalia muda mrefu. Akaweka ndoo chini.

"Ni mukono ya dada," alisema.

"Ndiyo, mama mudogo. Nataka tuuache hivyo. Nimeshachora kioo."

"Na ukuta?"

Feza alikaribia, akaonyesha mahali kipande kidogo kilipobanduka, tabaka jingine likichungulia chini yake. "Hapa chini iko mukono ya mama yetu. Minye nilikuwa msichana, nilishika ndoo. Mwaka ule tulimuzika mwezi wa tano, na mwezi wa nane dada yangu alisimama hapa, alilia mpaka udongo ukaanza kukauka. Halafu akapaka." Akanisogezea ndoo kwa mguu. "Nikupakie, ao utapaka mwenyewe?"

Mama, nina picha zako chache, na rekodi ya sauti yako sina hata moja. Ule mkono ndio kitu pekee chako duniani nilichoweza kuweka kiganja changu juu yake na kusikia ubaridi wa siku uliyokuwa mzima. Nilitaka sana kuwa mtu anayeuhifadhi. Nimehifadhi vya wafalme wa watu nisiowajua, ningeshindwaje kuhifadhi chako?

Nilichota. Nilianza juu, kwenye mkono, nikashuka kwenye kiganja, na Feza alikuwa nyuma yangu akisema, "Kandamiza, usiogope, kandamiza." Kidole kidogo ndicho kilichokuwa cha mwisho. Nilisimama pale na udongo mkononi. Kisha nikakifunika, Mama, na mkono wangu umebaki juu ya wako.

Lala salama. Nisamehe kama unaweza, na kama bado, nitaendelea kungoja.

Ni mimi binti yako wa kwanza,
Riziki