Maji Uliyotuletea Kutoka Kenya

Apa,

Kwa masikitiko makubwa ninakutangazia kifo cha jerikeni la kijani, kilichotokea leo asubuhi nyumbani kwetu Isiolo, baada ya kuugua ufa kwa muda mfupi. Marehemu alikuwa wa lita tano, mzaliwa wa kiwanda cha mafuta ya kupikia, na ameacha kifuniko kimoja. Habari ziwafikie wote waliowahi kumbeba.

Najua, baba, hukujua kusoma. Ulipoitwa kwenye ngumbaru ulisema huwezi kufundishwa herufi na mwalimu uliyemwona akizaliwa. Na sijasikia kama huko mlipo wameanzisha darasa. Lakini mimi, niliyejifunza kusoma kwa magazeti ya kufungia nyama, sina njia nyingine. Kwa mdomo jambo hili limenishinda.

Kwanza hali ya nyumbani. Nakiru ameolewa Merti na mtoto wake wa kwanza amempa jina lako. Mtoto hasikii la mtu, kwa hiyo jina limefika salama. Mama magoti yanamsumbua. Ng'ombe walioisha mwaka ule wa ukame na mahindi ya manjano ya msaada hawakurudi. Tuna mbuzi wanne na kelele ya mbuzi ishirini. Na ile picha yangu ya Nairobi bado iko ukutani, pale pale Mama alipoipigilia msumari. Kila mgeni lazima aonyeshwe kabla ya kupewa chai.

Picha hiyo, Apa. Hebu tuiongee.

Unakumbuka nilikuwa nimeandikwa kazi ya tarishi, mwezi wa tatu tu kazini, na nimeshanunua suruali pana chini na viatu vya soli nene kama tofali. Nikatangaza kwamba Pasaka nitawapeleka wote Nairobi mkatembee, siku zote nne za likizo. Nilisema naijua Nairobi vizuri. Nilikuwa naijua kwa magazeti ya nyama, na kurasa nyingine zilikuwa na damu.

Tulipopita kizuizi cha barabarani, pale sisi watu wa kaskazini tunaposema ndipo Kenya inapoanzia, Mama akajifunga kitambaa upya kichwani, akasema, "Haya, sasa tumeingia Kenya, kaeni vizuri." Wewe ulikuwa umeshikilia jerikeni lako miguuni, limejaa. Nilikuomba uliache. Nilikwambia Nairobi kuna mifereji kila mahali. Ukaniambia, "Mfereji wa mtu si maji yako." Basi.

Jumamosi tukaenda makumbusho. Ulisimama mbele ya tembo waliyemjaza manyasi, na askari amesimama kando, ukauliza kwa sauti ambayo watu wote walisikia, "Wamemuua kwanza, ndio sasa wanamlinda?" Nakiru alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilisogea upande wa nyoka. Ona, nilikuwa nimeshaanza kusogea.

Jumapili Mama na Nakiru wakaenda misa, sisi wawili tukabaki kuwangoja kwenye bustani moja katikati ya mji. Jina nalijua ila silitaji. Jerikeni lilikuwa limekauka tangu jana yake. Na pale katikati ya bustani maji yalikuwa yanaruka juu, juu kuliko nyumba yetu, yanaanguka, yanaruka tena, na hakuna hata mtu mmoja aliyekimbia. Ulikwenda moja kwa moja kwa askari wa bustani. "Kijana, bomba imepasuka. Maji inaisha na nyinyi mnaangalia tu." Akakwambia, "Mzee, hiyo si bomba. Hiyo ni urembo."

Sijasahau uso wako. Mtu aliyechimba mchanga wa mto mkavu kwa mikono tangu utoto anaambiwa maji ni urembo. Ulimwangalia yule askari kwa huruma, kama mtu anayemwona mgonjwa wa kichwa. Kisha ukavua viatu, ukapanda ukingo, ukainama kuokoa kiasi jerikeni lingeweza kuokoa.

Wakati huo mimi nilikuwa upande wa pili, mkono kiunoni, mbele ya mpiga picha. Kulikuwa na vijana wa mjini wanaongoja zamu yao, na wasichana wawili. Mpiga picha akainua kichwa. "Huyo mzee nyuma ni wako? Ananiharibia picha." Askari naye alikuwa amefika, amekushika koti, akaniangalia kungoja jibu.

Nikasema, "Simjui."

Ulisikia. Uligeuza kichwa kidogo tu, kama mtu aliyeitwa kwa jina linalofanana na lake. Askari akakupeleka kwenye kibanda chake, miguu mitupu, viatu mkononi, na mimi nikatabasamu kwa sababu mpiga picha aliniambia nitabasamu.

Walikukalisha pale mpaka misa ya pili ikaisha. Mama aliporudi akaniuliza uko wapi, nikasema tumepotezana. Halafu ukatokea mwenyewe, umebeba jerikeni limejaa, kwa sababu askari alishindwa kujua maji ayamwage wapi. Kabla sijafungua mdomo ukamwambia Mama, "Tumepotezana na huyu kijana. Nairobi ina watu wengi." Baadaye ulinieleza jambo moja tu, tukiwa kiti kimoja ndani ya basi la kurudi: "Askari aliniuliza nimekuja na nani. Nikamwambia nimekuja peke yangu." Ukafumba macho ukalala mpaka Meru. Mimi sikulala.

Picha ilikuja kwa posta. Mama aliishika kwa ncha za vidole. Mimi niko mbele, nang'aa, na nyuma yangu kwenye ukingo, mgongo wa mtu ameinama. Mama akasema, "Na huyu ni nani?" Ulivuta picha karibu, ukaiangalia kitambo kirefu.

Ukasema, "Simjui."

"Ana koti kama lako."

"Makoti ni mengi Kenya."

Apa, ungenipiga. Ungenipiga mbele ya wageni, ningepona.

Maji yale hukuruhusu mtu ayanywe. Yalikaa pembeni ya kitanda chako mwaka baada ya mwaka, hata ule mwaka tuliokuwa tunapanga foleni ya maji kama ya mahindi. Kifua kilipokuzidi ukaita watoto wako uwabariki. Nilikuwa Garbatulla na mafaili ya ofisi. Ujumbe ulinifikia Alhamisi, na Alhamisi hiyo hiyo kulikuwa na lori la kurudi, dereva ananipigia honi. Nikamwambia kazi haijaisha. Kazi ilikuwa imeisha. Niliogopa kuja kusimama mbele ya mdomo wako. Nilikuja Jumamosi, ukiwa umeshaenda.

Nakiru anasema ulichukua funda la yale maji, ukamrushia kichwani kama wazee wanavyobariki, ukataja majina yote ya babu zetu bila kukosea. Halafu ukamwambia Mama, "Yaliyobaki ni ya huyu kijana." Ukageukia ukuta.

Huyu kijana. Jina langu hukulitaja. Nimeligeuza neno hilo kila upande na sijui kama uliniachia baraka au ushahidi. Petro alikana mara tatu, na bado akaachiwa funguo za mbinguni. Mimi nilikana mara moja, nikapewa jerikeni.

Kila Pasaka Mama ananiambia, "Leta yale maji ya baba yako nikubariki kwa niaba yake, kabla na mimi sijaenda." Kila Pasaka napata safari ya ofisi. Siwezi kuinamisha kichwa mbele yake huku hajui picha iliyo ukutani kwake ni picha ya nini. Nilikuwa nimeamua mwaka huu nitamwambia kwanza, ndipo nilete maji. Nimeamua hivyo miaka mitatu. Leo asubuhi plastiki imechoka kuningoja.

Basi nakuahidi hivi. Mama anapalia viazi makaa ya moto nyuma ya nyumba. Nikifunga barua hii naiteremsha ile picha, naenda nayo, nampa jina la yule mwenye mgongo. Akinifukuza, nitakaa nje mpaka aniite. Kukaa na kungoja kunawezekana. Wewe uliweza, miguu mitupu.

Lala, Apa. Baba yangu wewe. Nakujua.

Kuhusu maji, najua utauliza. Yalitiririka hadi mlangoni, na kabla sijapata sufuria mbuzi wa jirani akayanywa yote. Mbuzi hajambo.

Mwanao,
Lokwang