Ngozi Sita za Mbega

Jumamosi, Kitale. Manyunyu tangu asubuhi, na nguo nilizofua jana bado zinanuka unyevu kwenye kamba ya sebuleni. Sikwenda mazoezi ya kwaya kanisani. Nimewaambia nina homa.

Sina homa.

Naandika hapa bloguni kwa sababu wengi wenu mnaosoma hamnijui sura. Mimi ni mwalimu wa muziki katika shule moja ya upili upande wa Bungoma, na wikendi narudi Kitale. Mwaka jana ngoma yetu ilishindwa kwenye tamasha. Wanafunzi walikuwa wamevaa manyoya ya nailoni, na mwamuzi mmoja akasema mbele ya watu wote kwamba mavazi yetu ni ya dukani. Ukumbi ulicheka. Niliapa kwamba hatutachekwa tena.

Ndipo nikamtafuta Naibei.

Naibei ni mkulima wa viazi juu ya Cheptais, pembeni mwa msitu. Marehemu babake aliwashonea wazee mavazi ya ngozi ya mbega, wale kima weusi wenye manyoya meupe marefu mgongoni na mkiani. Naibei mwenyewe alikuwa ameacha mambo hayo. "Mwalimu, hii kitu siku hizi ni kesi," aliniambia. "Na mimi niliokoka, niliachana nayo."

Nilimwendea mara tatu. Nilimwambia huu ni utamaduni, hawa ni watoto wa shule, nani atawashika watoto wa shule? Mara ya tatu nilikuta viazi vyake vimeoza shambani na binti yake Chebet amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Nilijua hawezi kukataa pesa. Nilijua, na nikaendelea kuongea.

Alileta ngozi sita. Tulishinda. Watu walisimama wakapiga makofi, na kombe likawekwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

Halafu nikataka mbili zaidi, za waimbaji wa mbele.

Tulipatana tukutane Saboti, karibu na kwa mamangu. Nilikuwa nimesimama dukani na soda mkononi wakati askari wa wanyamapori waliposimamisha bodaboda aliyokuwa ameipanda Naibei. Wakafungua gunia la mbolea. Wakatoa ngozi ya kwanza, kisha ya pili. Naibei aliinua macho akaniona. Akageuza uso upande mwingine, kana kwamba hajawahi kuniona maishani.

Nilimaliza soda yangu. Nilirudisha chupa. Nikaenda kwa mama.

Sasa ni wiki ya tatu yuko rumande, na mimi nimekuwa nikifundisha sauti ya kwanza na ya pili kama kawaida.

Alhamisi mke wake, Chemutai, alikuja shuleni. Nilidhani amekuja kunipigia kelele. Alikaa kwenye benchi nje ya chumba cha muziki, viatu vyake vimejaa tope, akaongea polepole.

"Baba Chebet hajakutaja, Mwalimu. Amekataa kabisa. Anasema ukishikwa, wale watoto watabaki bila mwalimu."

Akaendelea, "Sikuja na ubaya. Nilitaka tu nikuone."

Nilimpa unga na sukari. Akashukuru. Heri angenitukana.

Wengine wenu mtakumbuka nilichoandika hapa kuhusu yule mtalii aliyepiga picha ameketi juu ya simba aliyemuua katika nchi ya mbali. Nilimwita muuaji mwenye pesa. Mliipenda sana makala ile. Msomaji mmoja aliuliza kama ada wanazolipa wawindaji hao hazisaidii kulinda mapori, na nikamjibu kwa dharau. Bado sikubaliani naye. Lakini tangu Alhamisi nimekuwa nikijilinganisha na yule mtalii, na sioni nilipomshinda. Yeye alifyatua risasi mwenyewe, akaweka uso wake kwenye picha. Mimi nilimtuma mtu mwenye shida. Yeye hakuwa na njaa, nami sikuwa na njaa. Sote wawili tulitaka kutazamwa.

Kuna jambo jingine, na nimelizunguka tangu nianze kuandika.

Alipokuwa akitafuta zile sita za kwanza, Naibei alinipigia simu kutoka msituni. Sauti yake ilikuwa chini. "Mwalimu, leo nimekosea. Huyu alikuwa na mtoto. Mtoto wa mbega huwa mweupe wote, kama pamba. Amemshika mamake, hataki kumwachilia."

Nami nikamuuliza kama ngozi ya mtoto ingetosha kofia ya mwimbaji kiongozi.

Kisha akasema, "Hapana, Mwalimu," na simu ikakatika.

Sijawahi kumwambia mtu hilo.

Leo asubuhi nilimpigia mwalimu mkuu, nikamwambia nitajitokeza. "Achana na hii maneno, bana," akasema. "Kesi itaisha tu. Ama unataka turudishe kombe?" Nilimwambia ndiyo, nataka turudishe. Akacheka, akidhani natania. Kisha akaacha kucheka.

Mama, aliyekuja kwangu jana jioni, nilipomwambia nitajitokeza aliuliza swali moja tu: "Huyo mtu ana watoto wangapi?" Nilipomwambia wanne, akaenda kunipigia pasi ile sketi yangu nyeusi.

Ngozi sita ziko hapa, ndani ya sanduku la bati. Jana nilizitoa stoo ya shule. Naibei atafikishwa mahakamani Jumatatu saa tatu, nami nitakuwa kwa watu wa wanyamapori saa mbili, wakifungua mlango. Sijui kama hilo litamtoa, au litatuweka ndani sote wawili. Naogopa. Naogopa kupoteza kazi, naogopa wanafunzi watakavyonitazama.

Lakini karatasi ya mashtaka itakuwa na jina langu, na nitawaomba waliandike juu ya lake.