Maua ya Ng'ambo ya Korongo

Kwa mke mwenzangu, mjukuu uliyenipora babu yako hata meno hujaota,

Mimi mzima, magoti tu ndiyo yanalalamika nikipanda ngazi. Babu yako naye mzima; anakohoa makusudi ili apewe asali. Wewe je, unakula? Mara ya mwisho ulikuja umekonda kama mpini wa fagio, nikaona aibu mbele ya majirani.

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, herufi zikipinda uzifuate huko huko zinakokwenda. Nina neno la kukufikia kabla ya Jumatatu, siku utakayosimama mbele ya wakubwa wa chuo kukitetea kitabu chako cha utafiti.

Mwalimu wako, yule Kipara, alikuja wiki iliyopita bila wewe. Mjukuu wangu, yule mtu ananitia kinyaa. Alichokonoa meno kwa njiti ya fagio langu, kisha akairudisha kwenye fagio! Akapenga kamasi kwa vidole, akavifuta kwenye pazia. Msomi mzima! Pazia nimelifua mara mbili na bado sitaki kuligusa.

Alikuja kutazama vichaka vyetu vya maua ya zambarau. Uliponieleza habari za vichaka hivyo nilikuelewa, usinione sikusoma. Ulisema zamani sana kichaka kilikuwa cha aina moja, korongo likakatiza katikati, na upepo wa mle ndani hauwaachi nyuki wavuke. Vya huku vikabaki na jua kali, majani yakawa madogo yenye manyoya. Vya ng'ambo vikabaki na ukungu, majani yakawa mapana, laini. Ndugu wasiotembeleana, ulisema, mwisho hawafanani hata pua. Nilicheka, maana ndivyo tulivyo sisi na ukoo wa babu yako.

Kisha mwaka huu ukakuta nyuma ya choo chetu vichaka vya majani mapana yenye manyoya. Ukapiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Ukasema mbegu imevuka korongo yenyewe, na hiyo ndiyo itakuwa sura kubwa ya kitabu chako.

Haikuvuka. Niliivusha mimi.

Miaka minne iliyopita wanafunzi wa Kipara walipita na mabuti yao, wakakata, wakakanyaga, wakauacha mteremko wangu kama kuku aliyenyonyolewa. Mimi siwezi kuishi na uchafu mlangoni. Nilipokwenda ng'ambo kumzika wifi yangu, safari ya siku nzima kulizunguka korongo, nilichimba miche mitatu, nikaifunga mizizi kwa kitambaa kibichi, nikaja kuzibia pengo. Nani alijua nyuki watafungisha ndoa?

Ulivyofurahi siku ile, ulimi uliniganda. Kipara alipokuja nikamwambia yeye, nikidhani atakufikishia. Alicheka mpaka akanitemea mate usoni. Akasema bibi, meza hilo neno, kitabu kimeshachapwa, na mimi nikifumbua mdomo, wewe utaanza kazi upya miaka miwili. Nami nikanyamaza. Siku sita nimenyamaza, mtu mzima na mvi zangu! Kinyaa nilichomwonea yeye nikajionea mwenyewe, hata chai naiona inanuka.

Basi ifute sura hiyo. Utalia, lia. Watakucheka, wacheke. Sikukulea uje usimame mbele za watu na uongo mdomoni, hata kama uongo wenyewe nimeupanda mimi. Ile miche mitatu nimeizungushia mawe, uje uone jembe lilipopita.

Nimeandika na barua ya pili, maneno haya haya, kwa mkuu wa chuo. Iko mezani, na Jumanne asubuhi naipeleka posta mwenyewe kwa miguu yangu. Ningependa asikie kwako kwanza.

Babu yako anakusalimu kwa kikohozi. Mimi nakusalimu kwa hasira na kwa mapenzi, na usiniulize ipi imezidi.

Ni mimi bibi yako, mkosaji.