Shanga Zilizoliwa na Kuku

Shangazi Paskazia, shikamoo. Naomba uniokoe kabla hatujaaibishana mbele ya wageni, maana mimi ni pacha, naitwa Kulwa, niliyetangulia kuzaliwa, na mwenzangu ni Doto, tunaishi Buhongwa na tunashona nguo pamoja pale Mkuyuni, na hatujawahi kununiana zaidi ya asubuhi moja mpaka alipokuja Luhende kumposa Doto. Baba mkubwa Masalu, mwenye kauli tangu baba afariki, amesema Doto haolewi kabla ya Kulwa, na mimi mchumba sina wala sijamtafuta, sasa Doto kaja na lake, eti Kulwa ni yeye.

Ushahidi wake ni shanga. Utotoni tulifanana mno, hivyo bibi alimfunga Kulwa shanga nyekundu kiunoni ili watu wasituchanganye, na kumbukumbu yangu ya kwanza kabisa ni siku tunaogeshwa nje kwenye karai, uzi ukakatika, shanga zikamwagika, kuku wakazidonoa zote, mmoja wao hana mkia, huku nikilia, na bibi akamfunga nyingine yule aliyelia zaidi, kwa kuwa aliamini mwenye mali ndiye anayelia. Doto anaikumbuka siku hiyo hiyo, na kuku yule yule asiye na mkia, ila anasema shanga zilitoka kiunoni kwake, yeye aliduwaa tu, na mimi nililia kwa kuzitamani. Tumemuuliza mama, akacheka mpaka akakaa chini. "Nyie wote mlinyonya, mnanidai nini?"

Nikikataa, ndugu za Luhende wamesema hawasubiri. Nikikubali, Doto anaolewa, lakini mimi nitakuwa nani?

Ni mimi Kulwa (nadhani), Buhongwa.

*

Marahaba, mwanangu. Pole, na unisamehe, nimecheka.

Nani alitangulia hamtajua kamwe. Shahidi aliyebaki ni yule kuku, na nina hakika mlimla Krismasi. Ila nikukaripie kidogo: hofu yako haiko kwenye jina. Tangu tumboni hujawahi kuwa peke yako, na sasa mwenzako anafungasha. Hilo linauma, una haki ya kuumia. Lakini usimfungie mwenzako mlango kwa shanga.

Fanya hivi. Doto aache ujanja, aje akuombe ruhusa ya kutangulia, kwa heshima, kama mdogo anavyomwomba mkubwa. Akiomba, keshakiri Kulwa ni nani. Ukimpa, keshaolewa. Kisha nendeni wote kwa baba mkubwa na wewe ndiye useme, "Mimi Kulwa nimemruhusu mdogo wangu." Mwenye zamu akiiachia mwenyewe, mzee hana tena cha kushikilia. Na Luhende alete kitenge cha kukupoza. Kikague, wewe ni fundi, usikubali kinachochuja.

Nikwambie na langu. Jina langu la nyumbani ni Shija, yaani nimezaliwa nyuma ya mapacha. Mama akiita Kulwa, waliitika wote wawili. Akiita Doto, waliitika wote wawili. Akiita Shija niliitika peke yangu, na niliwaonea wivu sana.

Siku ya harusi MC akimwita Kulwa, simama wewe. Doto naye akisimama kwa mazoea, usimvute gauni akae.