Glasi Nzima ya Maji

Nyumbani,
Nyuma ya kiwanda cha matofali.
Tarehe 14 Juni.

Mpendwa mpwa wangu,

Salamu nyingi kutoka kwa mjomba wako mwenye maneno mengi. Hujambo? Kifua kimepona, au bado unakohoa kwa hiyo baridi ya huko? Mkwe wangu na watoto wanaendeleaje? Sisi hatujambo. Na mama yako, nalisema mapema usije ukaisoma barua hii roho ikiwa juu, yu hai na yuko nyumbani.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu nikisema neno moja wewe umeshasema kumi. Barua huwezi kuikatiza. Kaa chini usome.

Unayajua magoti ya dada yangu. Amekanyaga cherehani miaka yote ile akishona sare za shule, na uzeeni magoti yakaanza kumlipiza. Kumbe alikuwa anameza vidonge vya maumivu asubuhi na jioni, anamtuma jirani duka la dawa, wala hatuambii. Mwezi uliopita tumbo likamharibika, akaharisha siku kadhaa, na vidonge akaendelea navyo vilevile. Nilipokwenda kumjulia hali nilimkuta amevimba uso, anasinzia katikati ya mazungumzo, na haja ndogo hapati tangu jana yake. Tukamkimbiza hospitali. Wakasema figo zimesimama ghafla, kwa vidonge vile na kuharisha.

Mimi kwa ujuaji wangu nikaona dawa ni maji. Nikamletea chupa nimeificha ndani ya koti. Dada akanitazama kwa jicho lile unalolijua, akamwita muuguzi, akanishtaki. Kumbe maji hayakuwa na pa kutokea, yangemjaa mapafuni. Alikuwa anapimiwa vikombe vidogo tu, na midomo imemkauka mpaka inapasuka. Chupa yangu ikachukuliwa, nikaonekana mhalifu.

Hapo ndipo ulipopiga simu. Awekwe kwenye mashine ya kusafisha damu leo hii, atake asitake, mjomba weka sahihi! Na dada zako wako koridoni, mmoja anaitaka mashine, mwingine analia kwamba mama atateswa bure. Kalamu ninayo mkononi, kichwa kinaniuma.

Daktari wa figo ni binti anayeweza kuwa mjukuu wangu. Hakutusikiliza sisi. Alisubiri mpaka mama yako alipoamka, maneno yake yamenyooka, akavuta kiti akakaa karibu naye. Alimweleza kwamba figo huenda zimezimia tu na zinaweza kuzinduka. Mashine ingesafisha damu wakati zimepumzika, ila kwa miaka themanini na moja inachosha, presha hushuka, na pengine figo zisirudi kabisa. Anaweza pia kukataa, akapewa dawa za kumpunguzia tabu, akalala kwake. Kisha akamuuliza anataka nini. Mpwa wangu, kati yetu sote hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Nipelekeni nikaione kwanza," akasema. "Mimi sikanyagi cherehani nisiyoijua."

Wakamsukuma kwa kiti cha magurudumu, na nyuma mimi, ninayezimia nikiona sindano. Watu wamekaa kwenye viti vya kulalia, kila mtu na mashine yake, mmoja anakoroma, mama mmoja anafuma sweta. Na damu yao inatoka mwilini, inazunguka kwenye mirija tunaiona, inachujwa, inarudi ndani. Damu ya mtu, nje, inatembea! Nilitaka kufumba macho, yakakataa. Yule mama wa sweta akamruhusu dada auguse mrija wake. Akaugusa, halafu akauvuta mkono wangu akauweka palepale. Ni wa moto, mpwa wangu. Nimezeeka na damu yangu ndani sijui kama ina joto lile. Nilisimama pale nimeduwaa mpaka muuguzi akaniuliza kama nataka kukaa.

Dada akaitegea mashine sikio kama cherehani. "Haikwami," akasema. Akatoa masharti: atajaribu wiki mbili. Figo zisipozinduka, arudishwe nyumbani, na asigombezwe mtu. Daktari akakubali. Sahihi aliweka mwenyewe.

Sikudanganyi, ilimchosha vibaya. Akitoka pale ni kama nguo iliyokamuliwa. Wiki ya kwanza hakuna kitu, ya pili nayo ikaanza kuyoyoma, na dada yako mdogo akaenda kumtandikia kitanda nyumbani. Halafu asubuhi moja muuguzi akatoka na chombo cha kupimia, ndani yake mkojo, haujazi hata kikombe cha kahawa. Dada yangu ambaye hajapata kulitamka neno hilo mbele ya wanaume, leo ukoo mzima tumeukodolea macho mkojo wake, tunapiga makofi! Nililia. Watangazie wote huko kwamba mjomba wako amelilia mkojo. Kesho yake ukaongezeka, na baada ya siku chache mashine ikaondolewa.

Sasa nisikilize. Figo hazikurudi zote. Zinaweza kusimama tena, na mama yako ameshasema safari nyingine hataki mashine. Ameiona, ameishukuru, imetosha. Nilibishana naye siku nzima nikashindwa. Naogopa, sikufichi. Njoo umsikie kwa masikio yako angali na nguvu za kukueleza. Usije kubishana, njoo ukae naye.

Dada zako wanakusalimu, na jirani wa vidonge anasalimu kwa aibu. Mungu akulinde njiani na akufikishe ukiwa mzima.

Ni mimi nikupendaye hata ukinifokea,
Mjomba wako, mhalifu wa chupa.

Mama yako amenipokonya kalamu. Haya ni yake:

Mwanangu, leo nimeruhusiwa glasi nzima ya maji. Nimeinywa taratibu, wote wananitazama mdomoni. Sikujua maji ni matamu hivi. Njoo tunywe wote.